Mtu, Foklifti na Rafu: Namna ya Kuzuia Majeraha Ghalani na la Kufanya Yanapotokea

Foklifti yenye uwezo wa kunyanyua tani 2.5 yenyewe huwa na uzito unaokaribia tani 4, kwa kuwa nyuma yake imewekewa bonge la chuma la kusawazisha mzigo unaobebwa mbele. Ikibeba mzigo kamili, ni zaidi ya tani 6 zinazotembea katika njia ileile anayopita mtu mwenye kilo 70. Ikienda kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao dereva aliyeketi huuona kuwa wa taratibu, husogea karibu mita 3 kila sekunde, hivyo kabla mguu haujafika kwenye breki imekwisha kupita urefu wa mtu mzima aliyelala na ziada. Hesabu hii haiachi kunirudia kichwani, kwa sababu katika miaka niliyosimamia kazi za ghala nimesikia majeraha mengi mno yakiitwa bahati mbaya, ilhali kila nilipokaa na waliohusika na kufuatilia tukio hatua kwa hatua, nilikuta jambo moja likijirudia: mashine haikuwa mbovu, na mara nyingi dereva hakuwa mzembe. Mtu na mashine walikuwa wamepangiwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeona kuwa huo ndio mpango wenyewe ulioleta ajali.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msimamizi wa ghala, dereva wa foklifti, mpakiaji na yeyote ambaye kazi yake humpitisha penye rafu na mizigo. Unaanza na kinga, kisha unaeleza la kufanya jeraha linapotokea, tangu dakika za kwanza hadi siku majeruhi anaporudi kazini.

Tenganisha njia kabla ya kumlaumu mtu

Kazi ya kwanza haihitaji fedha. Chora ramani ya ghala kwenye karatasi kubwa, kisha simama pembeni kwa zamu nzima na uweke alama mahali watu wanapopita kwa kweli, si mahali walipoelekezwa kupita. Utaona kwamba wapakiaji hukata katikati ya eneo la kupanga mizigo kwa sababu choo kiko upande wa pili, kwamba karani wa stoo huvuka njia ya foklifti mara nyingi kwa siku kwenda kuchukua hati, na kwamba madereva wa malori ya nje huzagaa kwenye jukwaa la kupakia kwa kuwa hawana pa kuketi. Kila mstari uliouchora unaokutana na njia ya mashine ni ajali inayosubiri siku yake. Wajibu wako ni kuyaondoa makutano hayo moja baada ya jingine: hamisha meza ya karani, weka chumba cha kusubiria madereva wa nje, fungua mlango mdogo wa watu kando ya mlango mkubwa wa mashine.

Makutano yasiyoweza kuondolewa yawekewe kizuizi cha kweli. Mstari wa rangi ya njano sakafuni una faida yake, lakini rangi haimsimamishi mtu wala haiisimamishi foklifti. Reli ya chuma iliyofungwa sakafuni kwa bolti huwasimamisha wote wawili. Kwenye kona zenye rafu ndefu weka vioo vya mbinuko, na uvifute vumbi, kwa sababu kioo kilichojaa vumbi humpa dereva imani ya uongo. Taa ya buluu inayomulika sakafuni mbele au nyuma ya foklifti husaidia mahali penye kelele, na honi ipigwe kabla ya kila kona, si wakati wa kona.

Pale ambapo mtu na mashine hawana budi kukutana, kanuni iwe moja kwa wote: anayetembea kwa miguu asisogee karibu hadi dereva amemtazama usoni, amesimamisha mashine na ameshusha hadi sakafuni meno ya mashine, yaani vyuma viwili vya mbele vinavyobeba mzigo. Kupungiana mkono kwa mbali hakutoshi. Aidha, foklifti inapopanga au kutoa mizigo rafuni, ujia huo ufungwe kwa mnyororo, na ujia wa upande wa pili wa rafu hiyohiyo ufungwe pia, kwani paleti, yaani jukwaa la mbao lililopangiwa mizigo, inayosukumwa kupita kiasi inaweza kuisukuma ya nyuma yake ikamwangukia mtu ambaye hata hajui kuwa kuna mashine jirani.

Jambo moja ambalo wageni wa kazi hii hawalijui, na ambalo wenyeji hulisahau, ni kwamba foklifti hupinda kwa magurudumu ya nyuma. Namkumbuka kijana mmoja mpakiaji, mchapakazi, aliyesimama kati ya ukuta na ubavu wa nyuma wa foklifti akinakili namba za katoni. Mashine haikuwa ikirudi nyuma; ilikuwa inaondoka kwenda mbele, na yeye alidhani kwa sababu hiyo yuko salama. Dereva alikata usukani kushoto aingie kwenye ujia, na bonge lile la chuma la nyuma likafagia upande wa kulia na kumbana nyonga ukutani. Hakupiga kelele kubwa, na kalamu ilibaki mkononi. Dereva alisimama tu kwa sababu alihisi mashine imekuwa nzito. Tangu siku hiyo kila mgeni ninayempokea namsimamisha mahali salama, namwambia dereva akate usukani taratibu, na namwonyesha kwa macho yake jinsi mkia unavyotoka nje. Maonyesho hayo huchukua dakika mbili, na sijapata maelezo ya mdomo yanayoweza kuchukua nafasi yake.

Ukaguzi wa mwanzo wa zamu

Ukaguzi ufanywe na dereva mwenyewe, kabla ya ufunguo kugeuzwa, na uandikwe. Azunguke mashine nzima akitazama magurudumu, minyororo ya kunyanyulia, mlingoti ambao meno hupanda na kushuka juu yake, paa la kumkinga dereva, mkanda wa kiti, taa na kibao cha uwezo, kisha awashe na kujaribu breki, usukani, honi na mkono wa kunyanyulia. Meno yatazamwe kwa makini kwenye kisigino, yaani pale yanapokunjwa kuelekea juu, kwa kuwa hapo ndipo nyufa huanzia na ndipo chuma hulika kwa kukwaruza sakafu. Jino lililolika asilimia 10 ya unene wake limepoteza takriban asilimia 20 ya nguvu zake, na kwa hiyo linapaswa kubadilishwa, hata kama kwa macho linaonekana zima.

Kuvuja kwa mafuta ya haidroli, yaani mafuta yenye shinikizo yanayonyanyua mzigo, kunastahili maelezo ya peke yake. Dereva anapoona unyevu kwenye mpira wa mafuta, mkono wake hukimbilia kupapasa ili kujua tundu liko wapi, na hilo ni kosa linaloweza kumgharimu vidole. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano huwa na msukumo mkubwa kiasi cha kupenya glavu na ngozi na kuingia ndani kabisa ya mkono. Jeraha lake halitishi hata kidogo: ni kinukta chekundu, tone la damu, pengine ganzi kidogo. Mtu hujifuta kwa kitambaa na kuendelea na kazi, na baada ya saa chache mkono umevimba, una maumivu makali na nyama ya ndani imeanza kufa. Anayepatwa na kinukta hicho apelekwe hospitali papo hapo, na daktari aambiwe waziwazi kuwa ni mafuta yaliyoingia kwa shinikizo, pamoja na jina la mafuta yenyewe, kwa maana jeraha hilo kwa kawaida huhitaji kufunguliwa kwa upasuaji haraka. Kutafuta mvujo, zima mashine, shusha meno, acha shinikizo litoke, na kama ni lazima kutazama ikiwa inawaka, pitisha kipande cha katoni mbele ya mpira, kamwe si mkono.

Mashine yenye kasoro itolewe kazini, ufunguo uchukuliwe na lebo ining'inizwe kwenye usukani. Msimamizi anayemwambia dereva amalizie zamu kwanza ndipo mashine itengenezwe, amechagua yeye mwenyewe kubeba lawama ya kitakachofuata, na afadhali aelewe hivyo mapema.

Kibao cha uwezo na hesabu ya mzigo

Madereva wengi hujua foklifti yao ni ya tani ngapi, lakini wachache husoma maneno yanayofuata kwenye kibao. Uwezo hupimwa kwa mzigo ambao kitovu chake cha uzito, yaani mahali uzito wake unapolingana pande zote, kiko umbali fulani kutoka uso wa meno, yaani upande wa wima ambao mzigo huegemea, na kwa mashine nyingi za kawaida umbali huo ni milimita 500. Mzigo ukiwa mrefu zaidi, kitovu husogea mbele na uwezo hushuka. Chukua mfano wa mashine ya kilo 2,500 ambayo kutoka mhimili wa magurudumu ya mbele hadi uso wa meno ni milimita 450. Mzigo wa kawaida unavuta kwa mkono, yaani umbali kutoka mhimili huo hadi kitovu cha mzigo, wa milimita 950 (450 na 500). Ukibeba kreti ndefu ambayo kitovu chake kiko milimita 800 mbele ya uso wa meno, mkono unakuwa milimita 1,250, na kilo 2,500 mara 950 ukigawa kwa 1,250 unapata kilo 1,900. Kilo 600 zimepotea bila kitu chochote kuharibika. Hesabu hii ni ya kuelewa tu. Kinachotawala kazini ni kibao cha mtengenezaji, na mlingoti unapopanda juu sana, au kifaa cha ziada kinapofungwa mbele, uwezo hupungua tena.

Foklifti ina magurudumu manne lakini husimama kama kigoda cha miguu mitatu: magurudumu mawili ya mbele, na katikati ya mhimili wa nyuma ambao hucheza juu na chini. Kitovu cha uzito wa mashine na mzigo kwa pamoja kikiwa ndani ya pembetatu hiyo, mashine imetulia, kikitoka, inalala. Kinachokitoa nje mara nyingi si uzito bali kupinda kwa kasi, kupinda huku mzigo ukiwa juu, au kupita penye shimo na gurudumu moja. Foklifti tupu nayo hupinduka, na madereva huishangaa kwa sababu wamezoea kuogopa mzigo. Kwa hiyo safiri na meno yakiwa sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, mlingoti umelala nyuma kidogo, na kama mzigo unaziba macho, nenda kinyumenyume ukitazama unakokwenda. Kwenye mteremko mzigo uelekee juu wakati wote, iwe unapanda au unashuka. Ukiwa mtupu meno yaelekee chini. Na usigeuze mashine katikati ya mteremko.

Ikiwa mashine ya kuketi inaanza kupinduka, usiruke. Silika ya mwili ni kutaka kukimbia, na ndiyo inayowaua madereva, kwa kuwa mtu huruka upande uleule mashine inaoangukia na paa la chuma likamwangukia kifuani au kichwani. Kaza mkono kwenye usukani, kaza miguu sakafuni, inama mbele na kuelekea upande ulio kinyume na unaoanguka, na ubaki ndani. Mkanda wa kiti upo kwa ajili ya sekunde hizo mbili. Mashine za kusimama zenye mlango wazi wa nyuma ni tofauti: maelekezo ya watengenezaji wake kwa kawaida humtaka dereva atoke kwa kurudi nyuma, na kwa sababu hiyo mafunzo ya mashine moja hayamruhusu mtu kuendesha nyingine.

Kuhusu mafunzo, isidhaniwe kuwa cheti cha zamani kinatosha milele. Nchini Marekani, kwa mfano, kanuni za usalama kazini zinataka dereva wa foklifti atathminiwe upya angalau kila baada ya miaka 3, na mapema zaidi akipata ajali, akiponea chupuchupu au akibadilishiwa aina ya mashine. Hata pale ambapo sheria haijasema hivyo, huo ni utaratibu mzuri wa kuufuata.

Jeki ya paleti, rafu na mikanda ya kusafirishia mizigo

Jeki ya paleti ya mkono, yaani kitoroli cha kunyanyulia na kusukumia paleti, haiogopwi na mtu, na kwa hiyo huvunja vidole vya miguu vingi. Isukume badala ya kuivuta kila inapowezekana, ili miguu yako iwe nyuma ya gurudumu na macho yako mbele, na mgongo usijipinde. Usiipande kama toroli la kuchezea, na usishuke nayo kwenye mteremko ukiwa umetangulia mbele yake, kwani tani moja ikishaanza kuteremka haisimamishwi na viganja. Viatu vyenye kofia ya chuma vidoleni ni vya lazima kwa kila anayeigusa, wakiwemo wageni wa siku moja.

Rafu huangusha watu kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuzikwea, na hilo halina cha kujadili: lete ngazi ya jukwaa au kikapu kilichotengenezwa kwa ajili ya kumnyanyua mtu, wala usisimame juu ya paleti iliyonyanyuliwa na meno. Ya pili ni ya kimyakimya. Nguzo ya rafu ni bati lililokunjwa, na nguvu yake yote iko katika kunyooka kwake. Foklifti ikiigonga chini, karibu na sakafu, inaweza kuendelea kusimama kwa miezi na siku moja ikakunjika ikiwa imebebeshwa mzigo wa kawaida. Chukua rula ya chuma ya urefu wa mita 1, iweke kwenye nguzo palipobonyea, upime nafasi iliyobaki katikati. Viwango vinavyotumika Ulaya huruhusu milimita 3 au 5 tu, kutegemea upande nguzo ilikopindia, na uharibifu unaofika maradufu ya kiwango hicho humaanisha mizigo iondolewe mara moja. Milimita 10 ni kama upana wa kidole kidogo. Dereva aliyegonga nguzo lazima aweze kusema bila hofu ya kukatwa mshahara, la sivyo atageuza katoni kufunika pale palipobonyea, na wewe hutajua.

Kwenye mikanda ya kusafirishia mizigo hatari ni pale mkanda unapokutana na rola, mahali panapomeza kila kinachoning'inia: mikono ya shati, glavu, kamba ya kitambulisho, nywele ndefu. Ngao zisiondolewe, na kamba ya kusimamisha kwa dharura ijaribiwe kila wiki. Mzigo ukikwama, mkanda uzimwe, swichi kuu ikatwe, na kila anayeingiza mkono aweke kufuli lake mwenyewe kwenye swichi na kutia ufunguo mfukoni mwake. Watu watatu, kufuli tatu. Kisha nguvu iliyobaki itolewe, iwe ni springi iliyobanwa, hewa ya shinikizo au kitu kilichoachwa juu, na mwishowe kitufe cha kuwasha kibonyezwe ili kuthibitisha kuwa mashine kweli haiwaki. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, ingawa ndiyo pekee inayothibitisha kuwa zilizotangulia zimefanya kazi.

Mahali pa kuchajia betri pawe na hewa ya kutosha, pasiwe na moto wala sigara, na pawe na maji ya kuoshea macho hatua chache tu kutoka hapo. Betri za madini ya risasi na asidi hutoa haidrojeni, gesi isiyo na harufu inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Mashine za petroli au gesi nazo zisiachwe zikiunguruma ndani ya ghala lililofungwa, kwa sababu ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo katika moshi wake. Wafanyakazi kadhaa wakilalamika kichwa kuuma kwa pamoja, watoe wote nje kwanza, maswali yafuate.

Kabla ya lori kupakiwa, magurudumu yake yawekewe kabari na ufunguo wake utundikwe ofisini, mbali na dereva wake, hadi foklifti ya mwisho itoke ndani.

Dakika za kwanza baada ya jeraha

Zima mashine kwanza. Usikimbilie kuisogeza, kwa maana kuirudisha nyuma kunaweza kumkanyaga majeruhi mara ya pili, na kushusha mlingoti kwa pupa kunaweza kumbana zaidi. Mtu mmoja apige simu ya huduma za dharura, mwingine asimame langoni kuipokea gari la wagonjwa, na mwingine azuie watu wasijazane. Majukumu haya yagawanywe kwa majina kila mwanzo wa zamu, kwa sababu wakati wa ajali kila mtu hudhani mwenzake amekwisha kupiga simu.

Majeruhi aliyebanwa, andika saa aliyobanwa na umweleze mpokea simu, kwa kuwa muda huo hubadilisha maelekezo utakayopewa ya kumtoa au kusubiri. Kiungo kilichobanwa kwa muda mrefu hukusanya sumu za misuli iliyokufa, na zinapoachiliwa ghafla kuingia kwenye damu zinaweza kuathiri moyo na figo. Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa mgongoni asigeuzwe wala kuketishwa, isipokuwa kama hapumui au yuko katika hatari nyingine. Mzuie kichwa na shingo visicheze na uendelee kuzungumza naye.

Damu inayotoka kwa nguvu igandamizwe moja kwa moja kwa kitambaa safi, bila kufunguafungua kuchungulia. Isipokoma na ikiwa ni ya mkono au mguu, funga mkanda mpana wa kukaza sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si kwenye kiungo chenyewe cha kiwiko wala cha goti, ukaze hadi damu isimame, uandike saa, na usiulegeze hadi wahudumu wafike. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu isikiguse kidole chenyewe, kwa kuwa itaiua nyama inayotakiwa kuunganishwa. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza, hata kama majeruhi anasema imetosha.

Nawaomba wasimamizi wasilipime jeraha kwa wingi wa damu. Mguu uliokanyagwa na jeki ya paleti unaweza usitoe tone, kisha ukavimba kwa ndani kwa saa kadhaa hadi damu ishindwe kupita. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ngozi inayong'aa kwa kukazwa, ganzi ya vidole au rangi kupauka ni dalili za kwenda hospitali usiku huohuo, si za kusubiri asubuhi.

Baada ya majeruhi kuondoka

Zungushia eneo utepe na uliache kama lilivyo hadi lichunguzwe. Piga picha kutoka mbali, kisha kutoka karibu: nafasi ya mashine, alama za magurudumu, urefu wa meno, mwanga wa taa, hali ya sakafu, kibao cha uwezo, namba ya mashine. Hifadhi karatasi ya ukaguzi wa asubuhi hiyo na uombe rekodi ya kamera siku hiyohiyo, kwa sababu mifumo mingi ya kamera hujifuta na kurekodi upya baada ya siku chache au wiki chache. Walioona waandike kila mmoja peke yake, kabla hawajakaa pamoja, na waandike walichokiona, si wanachofikiri kilitokea.

Majeruhi, au jamaa yake ikiwa hawezi, ampe mwajiri taarifa ya maandishi na abaki na nakala yenye tarehe na saini ya aliyeipokea. Anapomwona daktari aseme wazi kwamba ameumia kazini na aeleze jinsi alivyoumia, kwani maelezo yaliyoandikwa siku ya kwanza huwa na uzito kuliko yanayoongezwa baada ya mwezi. Sheria za fidia hutofautiana kati ya nchi na nchi, ila karibu zote huweka ukomo wa muda wa kutoa taarifa na wa kufungua madai, na mifumo mingi hulipa fidia bila kumtaka mfanyakazi athibitishe kosa la mwajiri. Ulizia ukomo huo wiki ileile. Usisaini karatasi yoyote inayosema umeridhika au kosa ni lako kabla hujaisoma ukiwa na akili iliyotulia, pamoja na mtu wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria. Pale ambapo mashine ilikodishwa, ilitengenezwa na fundi wa nje, au iligongwa na lori la kampuni nyingine, huenda kuna mhusika wa pili anayewajibika mbali na mwajiri.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kuwa hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote, na kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu za msingi za kuamini kuwa kuna hatari kubwa na ya papo hapo kwa uhai au afya yake alindwe dhidi ya adhabu zisizo za haki. Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi katika kanuni na haki za msingi kazini. Kwa hiyo dereva anayekataa mashine isiyo na breki hatafuti visingizio, na mpakiaji anayekatwa fedha za viatu vya usalama ana haki ya kuhoji.

Katika uchunguzi, swali "nani alikosea" liahirishwe. Uliza kwanza kwa nini mtu alikuwa hapo, kisha kwa nini mashine ilikuwa hapo, kisha kwa nini wote wawili walikuwa hapo saa ileile, na uendelee kuuliza hadi ufike kwenye jambo linaloweza kubadilishwa kwa nyundo, rangi, kufuli au ratiba. Yule kijana wa kalamu alikuwa ukutani kwa sababu namba za katoni zilibandikwa upande wa ukutani. Tulizihamishia upande wa ujia wa watu, na kazi ya kunakili ikapangiwa saa ambayo foklifti huwa zimeegeshwa.

Siku ya kurudi

Mashine iliyomjeruhi mtu isirudi kazini hadi fundi aikague na aliyeweka lebo aiondoe kwa mkono wake. Majeruhi naye asirudi hadi daktari aandike ni kazi gani anaweza kufanya na ipi bado, na maandishi hayo yamfikie msimamizi wa zamu, si ofisi ya juu pekee, kwa maana msimamizi wa zamu ndiye atakayemtuma kubeba. Dereva aliyehusika katika ajali naye apewe nafasi ya kuzungumza na mtu, kwani wengi hurudi kwenye usukani mikono ikitetemeka na hawasemi. Asubuhi ya kwanza mpitishe majeruhi pale alipoumia kabla zamu haijaanza, mashine zikiwa zimezimwa, na umwonyeshe kilichobadilishwa. Ukifika hapo na huna cha kumwonyesha, mpangie upande mwingine wa ghala na ufunge eneo hilo hadi utakapokuwa nacho.